Kupanga chumba Mtwara ukiwa mwanachuo: usiangalie kodi peke yake

Hosteli ya chuo ukiipata mwaka wa kwanza, ichukue, hata kama kaka yako aliyeko Dar anakwambia raha ya chuo ni geto, yaani chumba cha kupanga mtaani. Hujui Chikongola iko upande gani na Shangani upande gani, dalali wa kweli na wa uongo wote kwako sura moja, na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, linaweza kuchelewa huku mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Kero za hosteli zinajulikana, foleni ya bafu na mwenzako anayeongea na simu usiku wa manane. Utazizoea.

Ninaotaka kuongea nao ni wale wanaoingia mtaani. Nilisoma hapa hapa Mtwara, nikapanga, na tangu hapo ndugu na jamaa wakipata nafasi vyuo vya hapa, Stella Maris au TIA, mimi ndiye natumwa kuwatafutia vyumba. Jambo ninalowaambia wote ni kwamba kodi ndiyo gharama pekee ambayo dalali atakutajia. Nyingine unazitafuta mwenyewe kabla hujatoa hela.

Anza na nauli. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anahesabiwa hadi shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Tuseme umepata chumba cha bei poa huko Mitengo au Naliendele, na bodaboda ya kwenda na kurudi inakula 2,000. Sehemu moja ya tano ya siku yako imeishia barabarani, hujanywa hata chai. Mikindani nako ni hivyo hivyo. Pazuri kwelikweli, majumba ya zamani, samaki karibu, utulivu wa kusomea, lakini mpaka mjini ni kama kilometa 11, na kipindi cha jioni kikichelewa kuisha utajikuta unabembelezana na bajaji. Kama vipindi vyako ni vya mchana na mnakaa wawili mnaochangia, nenda. Kama uko peke yako, tafuta chumba ambacho unaweza kutembea kwa miguu mpaka darasani.

Halafu kuna suala la msimu, ambalo wageni hawalijui. Vyuo vinafunguliwa Oktoba na Novemba, na huo ndio wakati wa minada ya korosho. Malori yanaingia, wanunuzi, makarani na watu wa maghala wanajaa mjini, nao wanataka vyumba kama wewe, tena wana hela taslimu. Mwenye nyumba anayejua hesabu zake hawezi kukubembeleza wewe mwenye bumu la ahadi. Mwaka wa pili na wa tatu, chumba kitafutwe Agosti au Septemba, kabla hamjarudi. Muombe mtu aliyebaki mjini akutangulizie.

Sasa kukagua. Dalali atakupeleka asubuhi, jua bado halijachoma, chumba kimefagiliwa. Kubali, ukione, kisha rudi mwenyewe saa nane mchana. Chumba cha bati lisilo na dari, Novemba saa nane, hakikaliki, achilia mbali kusomea. Gusa ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Angalia dirisha la pili liko wapi, maana chumba chenye dirisha moja upepo wake unaishia mlangoni. Na kwa kuwa mvua za huku zinaanza Desemba mpaka Aprili hivi, angalia ukuta wa nje kwa chini: alama ya tope ikifika usawa wa goti, umeshajibiwa.

Nikienda kukagua natembea na kipande cha sabuni mfukoni. Watu wananicheka. Lakini visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana chumvi, na mwenye nyumba akikwambia "maji yapo", hasemi uongo, yapo. Nawa mikono pale pale. Sabuni ikikataa kutoa povu, jua kwamba ya kunywa na ya kufulia utanunua kwa ndoo. Kama kuna bomba la MTUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, uliza wapangaji linatoka siku zipi na saa ngapi, na kama kuna tenki la kuhifadhia. Waulize wapangaji. Mwenye nyumba muulize mengine.

LUKU, umeme wa kununua kabla ya kutumia, ndiyo inayovunja urafiki. Nyumba nyingi zina mita moja kwa wapangaji wote, na kila mtu anachangia. Mmoja ana taa na simu, mwingine ana friji, wa tatu anachemsha maharage kwa jiko la umeme usiku wengine wamelala. Nyumba moja niliyompeleka binamu yangu ilikuwa na daftari limefungwa kamba kwenye msumari chini ya mita: tarehe, jina, kiasi alichonunua, uniti zilizoingia. Chafu, limejaa alama za mafuta ya kula, lakini nililipia siku ile ile. Penye daftari kama lile watu wameshagombana wakapatana. Pasipo na daftari, uliza kama unaweza kufungiwa submita, mita ndogo ya chumba chako peke yako, na nani atailipia.

Geti nalo lina saa yake. Kuna mama mwenye nyumba anayefunga saa nne kamili na halifunguliwi hata kwa aliyetoka diskasheni. Binafsi sioni ubaya, nyumba hizo huwa na usalama, na binti anayekaa peke yake namshauri aipende sheria hiyo. Ila ongea naye mapema, kwa adabu, umweleze wiki za mitihani ratiba yako itakuwaje. Wengi wanaelewa wakiambiwa mbele. Wakishtukizwa, hapana.

Uliza pia habari za ngoma. Jando na unyago huku ni jambo kubwa, na zipo wiki mtaa haulali. Mimi napenda ngoma, naenda kuangalia. Ila mtihani wa mwisho wa mwaka ukiangukia wiki hiyo, uwe na rafiki wa mtaa mwingine wa kukulaza.

Hela usimpe dalali. Chake ni kodi ya mwezi mmoja, na anapewa baada ya wewe kushika ufunguo. Kodi mpe mwenye nyumba mwenyewe, mkataba uandikwe hata kwa kalamu, ofisi ya serikali ya mtaa igonge muhuri, na kila mmoja abaki na nakala yake.