Kuhusu hiyo kazi ya kuingiza sauti

Mwanangu,

Sisi hapa wazima. Unasema umepata kazi ya kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, na wenzako wa jukwaani wanakucheka. Unaniuliza: mwigizaji anayesikika tu bila kuonekana, bado ni mwigizaji?

Unamkumbuka Mufasa, yule simba mfalme wa filamu ya The Lion King, uliyemlilia hadi ukagoma kula? Ile ilikuwa sauti ya James Earl Jones, mwigizaji Mmarekani, mzaliwa wa Mississippi, 1931. Kwa hiyo ulishajijibu ukiwa mdogo.

Jones alilelewa na babu na bibi yake shambani huko Michigan. Kigugumizi kilimbana mpaka akawa karibu bubu shuleni, miaka kama minane. Sekondari, mwalimu wake Donald Crouch akagundua kwamba kijana huandika mashairi. Alipoleta shairi la kulisifu balungi, mwalimu akajifanya haamini kuwa ni lake, akamtaka alighani kwa kichwa mbele ya darasa. Akasimama, akalighani lote, ulimi haukukwama. Mimi hapo napenda lile balungi. Mwingine angeandika mapenzi.

New York alifanya usafi wa majengo pamoja na baba yake, naye mwigizaji, ambaye hakumlea. Mwaka 1968 akapanda Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, na mchezo wa The Great White Hope, akicheza bondia aliyechorwa kwa mfano wa Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa dunia wa uzito wa juu, na tuzo ya Tony, ile kubwa ya jukwaani, akaipata 1969. Ya pili ilikuja 1987, kwa mchezo wa Fences.

Katikati ya tuzo hizo, 1977, ndipo alipomsemea Darth Vader, yule mwovu wa filamu ya Star Wars. Aliyevaa lile vazi jeusi ni David Prowse, Mwingereza. Jones mwenyewe alitaka jina lake lisiandikwe, akiona alichofanya ni kidogo mno. Hapo simuungi mkono hata kidogo! Sauti ile ilishapita kwa Othello na Mfalme Lear wa Shakespeare jukwaani, haikuokotwa studio.

Na jukwaa hakulihama. 2015, akiwa na miaka 84, alikuwa Broadway na Cicely Tyson, wazee wawili peke yao wakicheza karata na kugombana. 2022 ukumbi mmoja wa huko ukapewa jina lake, miaka miwili kabla hajafariki.

Kwa hiyo ichukue kazi, ila mazoezi ya kundi usiyakose. Hao wanaocheka, ngoja kodi ya nyumba iwafikie.

Jambo moja zaidi. Kwa Vader, Jones alilipwa dola 7,000, na filamu ikaingiza mamia ya mamilioni. Uliza kama unalipwa kwa mwezi au kwa kila sehemu, na wakirusha marudio unapata nini. Usisaini kwanza, piga picha mkataba, kurasa zote, unitumie WhatsApp.

Mama yako