Printa Yako Haijafa, Imebadilishiwa Anwani

Juzi dada mmoja mwenye saiba, duka la intaneti na uchapaji, kule Likoni, Mombasa, ameniandikia. Usiku printa yake ilichapa vizuri, asubuhi kompyuta zote tatu zikasema haionekani. Ameshaambiwa anunue nyingine. Dada, usinunue! Ujumbe wako umenitonesha kidonda.

Nilipokuwa na saiba Majengo, yalinikuta hayo hayo tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Foleni ilifika barazani. Stima ikapotea kama dakika kumi, ikarudi. Taa ya waifai kwenye printa inawaka, karatasi haitoki. Nikazima, nikawasha. Nikafuta programu yake, nikaiweka upya. Bibi mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nina feri ya kuwahi," akaondoka, na wengine wakamfuata, wakavuka barabara kwa jirani. Fundi niliyemwita akachukua shilingi 3,000 akasema printa imekufa. Neno lile mpaka leo linaniuma, kwa sababu hakuifungua wala hakuipima.

Usiku, nimebaki peke yangu, nikabonyeza vitufe vya printa yenyewe ikachapa ukurasa wa mipangilio ya mtandao. Anwani yake ya IP, yaani namba ambayo vifaa hutumia kutafutana kwenye mtandao, ilikuwa 192.168.1.14. Kompyuta zilikuwa zinaitafuta 192.168.1.7! Rauta, kile kisanduku cha waifai, ndiyo hugawa anwani hizo, na stima iliporudi iligawa upya. Ile 7 ilikuwa imekaliwa na simu. Printa ilikuwa nzima, ila tulikuwa tunabisha hodi nyumba iliyohamwa.

Basi fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, uiwekee printa anwani yake ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC, ile ya kukitambulisha kifaa chenyewe, ambayo utaiona kwenye ukurasa ule ule. Kisha kwenye kila kompyuta iongeze printa upya kwa anwani hiyo. Mimi nilimaliza kabla ya adhana ya alfajiri, na tangu siku ile stima imepotea mara nyingi, anwani haijahama.

Ukiona anwani inaanza na 169.254, hapo printa haikupewa kitu na rauta. Angalia waya kwanza. Na kama haiuoni mtandao kabisa, huenda inashika waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 tu nawe umeiwekea ya 5. Walio Mji wa Kale, kuta zenu nene za mawe ya matumbawe zinameza waifai. Vuteni waya, unafika mita 100 bila shida.

Wenzangu wa saiba, tuijue mitandao yetu wenyewe. Wateja wanatuletea vyeti vya watoto wao na barua zao za kuombea ajira, haifai tuwarudishe mikono mitupu kwa jambo la nusu saa. Chapeni ukurasa ule leo, kabla stima haijapotea, mwandike anwani kwenye kibandiko mkigandishe juu ya printa. Dada wa Likoni, ukikwama kwenye rauta nitumie picha ya skrini, ila ufiche neno la siri.