Jibu: Kutembezwa Mombasa na mama mzee

Dada, umeuliza kama umpeleke mama Mombasa na kikundi kidogo cha kutembezwa au mzunguke wenyewe. Mimi ningechukua kikundi, mradi watu wasizidi wanane. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba. Mkiwa ishirini, wa nyuma anasikia pikipiki tu.

Anzeni na ngome ya Fort Jesus asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698, baadaye Waingereza wakaifanya jela. Bila mtu wa kuwasimulia, mtaona kuta tu. Kisha mshuke pole pole hadi Msikiti wa Mandhry na bandari ya zamani ya majahazi. Meli kubwa ziko Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, kwa hivyo msizitafute hapo. Zile sanamu kubwa za pembe za ndovu zilizo juu ya barabara ya Moi Avenue ni za kupiga picha na kuondoka.

Kabla ya kulipa, uliza kama kiingilio cha ngome kimo kwenye bei. Na treni ya SGR (reli ya kisasa) kutoka Syokimau, Nairobi, huwashusha Miritini, nje ya kisiwa, si mjini. Pangeni gari mapema. Mama avae viatu visivyo na kisigino.