Ndege ya mikia miwili: ipakwe rangi upya au iachwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muuza mtumba wa hapa Mwanga, Kigoma, nilinunua mfano mdogo wa ndege ya kivita uliotengenezwa kwa chuma, wenye mikia miwili. Tumboni pameandikwa 1/72, na mabawa yake, ncha hadi ncha, ni sentimita 16. Rangi imebanduka puani. Hii ni ndege gani, na je, nikiipaka rangi upya itapanda bei?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako hiyo ni de Havilland Vampire ya Uingereza, ndege ya jeti yenye injini moja iliyoruka mara ya kwanza tarehe 20 Septemba 1943, ingawa ilianza kazi jeshini mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Mikia hiyo miwili si pambo: injini za jeti za wakati ule zilikuwa na nguvu ndogo, na bomba refu la kutolea moshi lingezipunguzia zaidi, hivyo wahandisi walilifupisha bomba, wakaishikilia sehemu ya nyuma kwa mihimili miwili inayotoka kwenye mabawa. Ajabu nyingine ni kwamba kiwiliwili chake, anapokaa rubani, kilikuwa cha mbao.

Kipimo chako kimetusaidia sana. Ile 1/72 maana yake mfano ni mdogo mara 72 kuliko ndege halisi, kwa hiyo sentimita 16 ukizidisha kwa 72 unapata takriban mita 11.5, nao ndio upana wa mabawa ya toleo la Vampire liitwalo FB.5, ambalo mabawa yake yalikatwa ncha na kuimarishwa ili ibebe mabomu. Zile za mwanzo zilizidi mita 12.

Rangi usiiguse. Wakusanyaji hulipia rangi ya kiwandani hata ikiwa imechubuka, na ukishaifunika umeishusha bei wewe mwenyewe. Futa vumbi kwa brashi laini na kavu, bila petroli wala tina, wala usiifunge kwenye mfuko wa plastiki, kwa maana unyevu wa ziwani hunaswa humo. Ichunguze vizuri chini ya mabawa: mifano mingi ya aina hii ni ya mchanganyiko wa zinki, na zinki iliyochanganyika na madini ya risasi hupasuka yenyewe kadiri miaka inavyokwenda, hasa penye unyevu. Ufa wa namna hiyo hauna dawa, na mnunuzi mzoefu atauona hata ukiuziba. Kabla hujamtajia mtu bei, mrudie aliyekuuzia umuulize kama boksi lake bado lipo, kwani mfano wenye boksi lake la asili huuzwa ghali zaidi.