Mama, kwani hawakuweza kubanana?

Wazazi wenzangu, hasa nyie mnaopigania tiketi za basi kila Desemba kwenda Moshi, nina jambo nataka niwaambie kuhusu watoto wadogo na Krismasi, nalo mimi nimefundishwa na mwanangu mwenyewe, alikuwa na miaka mitano wakati huo.

Mwaka juzi tulienda Kibosho kwa mama mkwe kama kawaida. Nyumba ilijaa, ndugu wa Arusha, wa Dar, wa Mwanza, wote wamepanda mlimani, watoto tumewalaza sebuleni kwenye magodoro yaliyounganishwa, wajomba wengine wakalala kwenye makochi. Nani asiyejua Krismasi ya Uchagani ilivyo, hamna anayerudishwa.

Sasa asubuhi ya tarehe 24 bibi yake akamchukua mtoto waende kulisha ng'ombe. Ng'ombe wa kule hawachungwi, wanafungwa bandani kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, wanaletewa majani na migomba iliyokatwakatwa. Bibi akamwambia haya mjukuu wangu, weka majani kwenye hori. Mtoto akasimama akaganda. Akaja mbio jikoni nilikokuwa namenya ndizi, "Mama, Yesu alilala kwenye ile?"

Yaani yeye alikuwa anajua hori la kwenye pango la Krismasi la kanisani kwetu Dar, lina nyasi kavu safi, taa zinawaka rangi rangi, pamba pembeni, alidhani hori ni jina la kitanda cha mtoto mchanga. Hili sasa lilikuwa la mbao zimelika, lina mate ya ng'ombe na harufu ya mavi iko pale pale. Nikataka kumwambia hapana, lile la Yesu lilikuwa zuri zaidi, nikajizuia, maana ningekuwa namdanganya. Nikamwambia ndiyo, lilifanana na lile. Akakaa kimya sana.

Baadaye nilielewa kwamba mtoto alikuwa amefika mahali ambapo Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitaka watu wafike. Ule mwaka 1223 pale Greccio, Italia, alipoandaa Noeli yenye hori la kweli, nyasi za kweli, ng'ombe na punda wa kweli, alitaka watu waone kwa macho yao shida aliyozaliwa nayo Mtoto Yesu. Sisi tumeongeza taa na pamba mpaka shida yenyewe haionekani tena. Sisemi pango la parokia ni baya, nalipenda, ila kama una nafasi ya kumpeleka mtoto kwenye banda la kweli mpeleke, na msisome kitabu cha picha siku hiyo, msome Luka 2 yenyewe, mstari wa 1 hadi wa 20, ni fupi na mtoto wa miaka mitano anaifuata vizuri kabisa.

Jioni kabla ya misa ya mkesha nikamsomea. Kufika ule mstari wa 7, hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, akanishika mkono. "Mama, kwani hawakuweza kubanana? Si sisi tumebanana?" Nikaanza kumweleza habari za Kaisari Augusto, watu walikuwa wanaandikwa, kila mtu alirudi mji wake kwa hiyo Bethlehemu ilijaa. Akasema, "Hata kwa bibi pamejaa."

Sikuwa na jibu. Na hapa ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo, mtoto akikuuliza swali la imani usikimbilie kulifunga. Mimi ni katekista wa watoto mwaka wa sita huu, nilikuwa nimezoea kila swali lina jibu lake tunaendelea mbele, ile jioni nilimwambia tu sijui mwanangu, labda hakuna aliyetaka kusogea. Akalala na hilo swali, na kesho yake akaamka nalo.

Maana siku ya Krismasi wakati wa chakula, watu wamekaa, mtori umepakuliwa, nyama imekatwa, mwanangu akagoma kula. Akasema kaka hajaitwa. Kaka ni kijana anayemkatia bibi majani, katoka mbali, analala kwenye chumba kilichoshikana na banda la ng'ombe. Huwa anatengewa sahani yake, nzuri na imejaa, hakuna anayemnyanyasa, ila anapelekewa kule kule. Miaka yote nimeolewa pale nimeona ile sahani ikipita mlangoni na sikuwahi kuwaza chochote, na nimetoka kusali misa. Mtoto akasema kwa sauti ambayo wote tulisikia, "Anakaa kwa ng'ombe kama Yesu, tubanane."

Kuna shangazi alitaka kumnyamazisha. Tafadhali wazazi, mtoto akitaka kuitenda habari uliyomsomea jana usiku, msimzibe mdomo kwa sababu ya aibu ya ukubwani, hata kama wakwe wapo, kwa sababu akishajifunza kwamba maneno ya Biblia ni ya kusikiliza tu, sijui utamfundishaje tena vinginevyo. Yesu alivyosema tusipoongoka na kuwa kama vitoto nilikuwa nadhani anaongelea upole wa watoto, na wangu si mpole hata kidogo, ila alichosikia alikiamini chote.

Babu yake ndiye aliyeinuka. Hakusema kitu, alitoka mwenyewe mpaka bandani akarudi naye, yule kijana amenawa mikono haraka haraka bado maji yanachuruzika, anaona haya. Tukasogea kwenye benchi. Mwanangu akamkalisha katikati yake na babu, akamuuliza jina la ng'ombe, kumbe ana jina na sisi wote hatukulijua.

Juzi nimekata tiketi za mwaka huu. Mtoto sasa ana saba, hakuniuliza habari ya nguo wala zawadi, aliuliza kama kaka bado yupo kwa bibi, na ikabidi nimpigie mama mkwe simu usiku ule ule nimuulize.