Mama Leja Anajibu: Klabu Zinavyoshiba Ulaya, na Zinavyofilisika

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwenye mabanda ya mpira, na nimefurahi. Nilifanya uhasibu wa serikali za mitaa hapa Dodoma hadi nikastaafu, na kwa miaka mingi jioni nilishika leja ya timu ya mpira ya wilaya. Ndiyo maana mtu akiniuliza kuhusu Ligi ya Mabingwa, mimi naanzia kwenye vocha.

Mama, shikamoo. Mimi ni fundi pikipiki, niko Nkuhungu. Kwenye banda letu tunabishana kila mechi za Ulaya zikianza. Wenzangu wanasema klabu ikishaingia Ligi ya Mabingwa imetajirika, haiwezi kufilisika tena. Nikiwatajia Leeds ya Uingereza wananicheka, wengi walikuwa hawajazaliwa. Nani ana haki?

Marahaba, mwanangu. Haki ni yako, na hao wenzako wape ukurasa huu wausome.

Tuanze na fedha yenyewe, maana ni nyingi kweli. Tangu msimu wa 2024/25 Ligi ya Mabingwa ina timu 36, na kila timu inacheza mechi nane kabla ya mtoano. Kwa kuingia tu, klabu inapata euro milioni 18.62. Ikishinda mechi inaongezewa milioni 2.1, ikitoka sare inapata laki saba. Chukua timu ya kawaida iliyoshinda mechi nne, ikatoka sare mbili, ikafungwa mbili. Hiyo tayari ina euro milioni 28.42, hatujagusa viingilio vya uwanjani wala mgawo mwingine wa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Ikiingia 16 bora, inaongezewa milioni 11. Kwa fedha yetu, zile milioni 28 pekee ni zaidi ya shilingi bilioni 70. Mkataba wa matangazo ya televisheni wa Azam Media na TFF, shirikisho letu la soka, wa mwaka 2021, ule uliotushangaza sote kwa ukubwa wake, ni shilingi bilioni 225.6 kwa ligi nzima, kwa miaka kumi.

Ubaya ni kwamba fedha hiyo ni ya msimu mmoja. Mwakani unaipigania upya. Lakini mikataba uliyosaini kwa furaha ya mwaka huu ni ya miaka minne au mitano, na siku ya mshahara haijali kama ulimaliza wa tatu au wa nne.

Sasa Leeds. Mei 2001 walitolewa na Valencia kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Msimu huohuo, ligi ya kwao, walimaliza nafasi ya nne, na wakati ule Uingereza ilipeleka timu tatu tu. Wamekosa kwa nafasi moja. Lakini wachezaji wa bei ya Ulaya walikuwa wameshanunuliwa, na mwaka huo walichukua mkopo wa pauni milioni 60 kwa dhamana ya viingilio vya miaka ijayo. Rio Ferdinand, waliyemnunua kwa milioni 18 mwaka 2000, akauzwa Manchester United 2002. Wenzake wakafuata mmoja mmoja. Mwaka 2004 wakashuka daraja, wakauza na uwanja wao wa Elland Road, wakabaki wapangaji pale walipokuwa wenye nyumba. Mwaka 2007 wakaangukia daraja la tatu, klabu ikiwa mikononi mwa wafilisi. Ligi Kuu waliiona tena 2020.

Mkulima yeyote wa zabibu wa Hombolo anaijua hadithi hii. Mnunuzi anakuja shamba lingali maua, anatoa taslimu kwa bei anayotaka yeye. Mavuno yakifika, zabibu ni za mwenzako, na deni la dawa liko palepale.

Kwa hiyo kwenye banda lenu msiulize klabu imeingiza kiasi gani. Ulizeni hivi: mwakani wakikosa Ulaya, mishahara italipika? Klabu makini huweka kwenye mikataba kifungu cha kupunguza mshahara timu ikikosa mashindano hayo. Mimi kifungu hicho kinanipendeza kuliko usajili wowote wa dirisha kubwa.

Mama, mimi nasoma uhasibu UDOM, mwaka wa pili. Chelsea walimnunua Enzo Fernández kwa karibu pauni milioni 107, na wengine wengi juu yake, halafu wakasema hesabu zao ziko sawa. Darasani tunafundishwa gharama ni gharama. Wanafanyaje?

Karibu kwenye kazi yetu, binti au kijana, hukusema.

Vitabuni mchezaji ni mali, kama lori au jengo. Gharama yake haiandikwi yote siku ya kununua, inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Enzo alisaini Januari 2023 mkataba wa miaka minane na nusu. Gawa pauni milioni 106.8 kwa miaka hiyo, unapata kama milioni 12.6 kwa mwaka. Angesaini miaka mitano, ingekuwa milioni 21.4. Mtu ni yuleyule na bei ni ileile, ila mwaka wa kwanza unaonekana mwepesi zaidi. UEFA wakaona, na kuanzia kiangazi cha 2023 kwenye hesabu zao hakuna kugawanya kwa zaidi ya miaka mitano, hata mkataba uwe mrefu vipi.

Upande wa pili ni mauzo. Mchezaji uliyemlea mwenyewe hana bei ya kununuliwa vitabuni, kwa hiyo ukimuuza karibu yote inaandikwa faida. Mason Mount alikulia Chelsea tangu utotoni, na alipokwenda Manchester United mwaka 2023 fedha ile iling'arisha mizania. Hili linaniuma. Kanuni iliyoandikwa kulinda klabu inafanya kijana wa nyumbani awe wa kwanza kuuzwa, kwa sababu tu ndiye anayependeza kwenye karatasi.

Halafu zikaja hoteli. Chelsea waliuza hoteli mbili zilizo pale uwanjani kwao kwa kampuni ndugu, yaani fedha ilitoka mfuko wa kushoto ikaingia wa kulia, mwenye mali ni yuleyule. Ligi Kuu ya Uingereza iliruhusu faida hiyo ihesabiwe. UEFA hawakuihesabu, na Julai 2025 wakawatoza faini ya euro milioni 31 kwa makosa ya hesabu. Barcelona nao walitozwa milioni 15 kipindi hichohicho.

Kanuni ya kukariri kwa ajili ya mtihani wako ni ile ya kikosi. Katika kila euro 100 za mapato, klabu isitumie zaidi ya 70 kwa mishahara ya wachezaji na kocha, mawakala, na ule mgawo wa bei za usajili. Walianza na 90 msimu wa 2023/24, wakashuka 80, sasa ni 70. Ni kanuni nzuri, lakini ina upungufu ambao sijaridhika nao: mwenye mapato ya euro milioni 800 anaruhusiwa 560, mwenye milioni 50 anaruhusiwa 35. Wote wametii sheria, na bado mmoja anamwacha mwenzake mbali kila mwaka. Kuzuia klabu zisife ni jambo moja, kusawazisha mashindano ni jambo lingine, na UEFA wamefanya hilo la kwanza tu.

Mama Leja, mimi nauza mahindi Kibaigwa. Crystal Palace walichukua Kombe la FA 2025 kwa kumfunga Manchester City, wakapata Ligi ya Europa, kisha wakashushwa Conference League, shindano la chini yake. Timu inashinda uwanjani inanyang'anywa mezani. Si uonevu?

Ndugu yangu, Palace hawakukutwa na deni. Kosa lao ni umiliki. Tajiri John Textor alikuwa na hisa Palace na pia Lyon ya Ufaransa, na klabu mbili zenye mkono mmoja haziruhusiwi shindano moja. Walitakiwa wawe wamelinyoosha jambo hilo kufikia tarehe 1 Machi, hawakuwahi. Lyon walimaliza juu zaidi kwenye ligi yao, wakapewa nafasi. Mashabiki wa Palace nawaonea huruma kabisa, lakini sheria yenyewe naiunga mkono. Siku timu hizo mbili zikikutana, nani atakuhakikishia matokeo?

Uonevu ninaoujua mimi ni mwingine, wa mchezaji kucheza bila kulipwa, na hapo ndipo meza ya UEFA inapofanya kazi njema. Ili upate leseni ya kucheza Ulaya, unaonyesha hudaiwi na wachezaji, klabu nyingine, wala mamlaka ya kodi kwa muda uliopita kiasi. Málaga ya Hispania walikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2013, wakakaribia kuwatoa Dortmund, huku tayari wamefungiwa msimu mmoja wa Ulaya kwa madeni yaliyopitiliza. Portsmouth ya Uingereza walichukua Kombe la FA 2008, wakaenda sare ya 2-2 na AC Milan kwenye Kombe la UEFA, na Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kuangukia kwa wafilisi. Mwaka huohuo walifika tena fainali ya FA, lakini mlango wa Ulaya ulikuwa umefungwa, hawana leseni.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeyaona. Timu niliyoishikia leja ilisafiri ugenini, mfadhili akazima simu, na mwenye nyumba ya wageni akazuia mabegi ya wachezaji. Vijana waliotoka kutushindia mechi walikaa barazani na jezi za jana hadi tulipochangishana. Kiongozi mmoja akaniambia niandike kwamba posho zimelipwa, zitalipwa baadaye. Sikuandika. Mtu wa kukataa kuandika hivyo ndiye anayekosekana kwenye klabu nyingi, kubwa na ndogo.

Mama, habari za Dodoma. Ni mwalimu mstaafu wa Manyoni. Je, mji mdogo unaweza kufika huko bila tajiri? Au tuwaachie Madrid na wenzake?

Nzuri, mwalimu. Itafute Bodø kwenye ramani ya Norwei, kule juu kabisa. Mji una wakazi elfu hamsini na kidogo, wakati Jiji la Dodoma kwa sensa ya 2022 lina zaidi ya laki saba. Uwanja wao unachukua watu kama 8,000. Mwaka 2017 timu yao, Bodø/Glimt, ilikuwa daraja la pili. Mwaka 2020 wakawa mabingwa wa nchi kwa mara ya kwanza, 2021 wakamfunga Roma ya kocha Mourinho 6-1, 2025 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Europa kwa kumtoa Lazio, kisha wakafuzu Ligi ya Mabingwa.

Walikaa na kocha mmoja, Kjetil Knutsen, tangu 2018. Waliuza kila dirisha, Jens Petter Hauge kwenda AC Milan, Victor Boniface kwenda Ubelgiji, na waliponunua walinunua wanaoingia kwenye mfumo wao, hata waliokataliwa kwingine. Hauge alirudi nyumbani baadaye. Fedha ya Ulaya ilipoingia haikuwakuta na madeni ya kiburi, ikabaki. Huko Singida na hapa Dodoma timu za Ligi Kuu tunazo. Ninachotamani kuona ni kocha anayekaa misimu mitatu.

Shikamoo mama. Nafundisha watoto mpira Kongwa, tuna timu ya chini ya miaka 15, viatu tunaazimana. Nimesikia mtoto akiuzwa Ulaya timu iliyomlea inalipwa. Ni kweli au maneno ya mtaani?

Marahaba, mwalimu wa watoto. Ni kweli, na swali lako ndilo nililolisubiri.

Kanuni ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya robo asilimia ya bei, na kila msimu wa 16 hadi 23 nusu asilimia. Ukikaa na mtoto misimu minne, 12 hadi 15, una asilimia 1. Auzwe siku moja kwa euro milioni 10, fungu lako ni euro laki moja. Hiyo kwa Kongwa ni uwanja wenye nyasi, na viatu vya kila mtoto.

Mbwana Samatta alianzia Mbagala, akapita African Lyon na Simba, kisha TP Mazembe, Genk, hadi Aston Villa. Novemba 2019 alifunga bao dhidi ya Liverpool palepale Anfield, uwanjani kwao, akiwa na Genk. Njia ndefu namna hiyo ina vituo vingi, na kila kituo kinalipwa kwa karatasi, hakilipwi kwa kumbukumbu za wazee.

Siku hizi malipo yanapitia chombo cha FIFA kilichoko Paris, kilichoanza kazi Novemba 2022. Kinajenga pasipoti ya mchezaji kwa kutumia usajili uliomo kwenye mfumo wa shirikisho la nchi. Mtoto asiyesajiliwa kwako, hata kama ulimlisha miaka minne, hayumo. Kwa hiyo wiki hii nenda chama cha soka cha wilaya, uliza timu yako imesajiliwa na watoto wako wameingizwa kwenye mfumo wa TFF. Kisha fungua daftari: jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, namba ya cheti, tarehe aliyoingia, tarehe aliyotoka na alikokwenda. Mtoto akihamia Dodoma mjini au Dar es Salaam, andikishaneni barua na timu mpya, sahihi pande mbili, nakala moja ibaki kwako na nyingine kwa mzazi. Fomu zote zitolewe kivuli.

Ukikwama kwenye safu za daftari niandikie tena, toleo lijalo nitakuchorea ukurasa mmoja wa mfano.