Muulize Mwalimu: Daftari la tafakuri kwa Kidato cha Kwanza

*Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya kata mkoani Morogoro, na ndimi mlezi wa mkondo mmoja wa Kidato cha Kwanza, wanafunzi 64. Kwenye mafunzo kazini tulishauriwa tuwape watoto wapya daftari la kuandika tafakuri zao wanapoanza shule. Nimejaribu kwa wiki mbili. Karibu wote wameandika, "Nimefurahi kuchaguliwa, nitasoma kwa bidii, nataka kuwa daktari." Wengine wamenakiliana neno kwa neno. Wenzangu ofisini wanasema napoteza muda na vipindi vinanisubiri. Halafu binti mmoja ameandika mistari mitatu: amepanga chumba jirani na shule, na kuna mtu humgongea mlango usiku. Sijui nimjibu nini. Niendelee au niache?*
Mwalimu wa Kidato cha Kwanza, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Nianze na binti, mengine yatasubiri.

Usimjibu kwenye daftari. Mwite leo, mahali ambapo mnaonekana lakini hamsikiki, chini ya mti wa uwanjani panatosha. Mwambie umesoma, umemwamini, na amefanya vema kuandika. Akikuomba usimwambie mtu yeyote, usikubali. Mweleze wazi kwamba jambo la usalama wake huwezi kukaa nalo peke yako, ila utamtajia kila mtu utakayemwambia kabla hujamwambia. Kisha nenda kwa mkuu wa shule na mwalimu wa ushauri nasaha, na kupitia wao afisa ustawi wa jamii. Mzazi au mlezi naye ahusishwe, mkishapima kwamba si yeye chanzo cha tatizo. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto kinapokea mashauri ya namna hii, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo, kwa hiyo hapa huombi ruhusa ya mtu. Na usiku wa leo binti asilale kwenye chumba kile. Mabinti waliopanga karibu na shule za kata nawajua vizuri: mlango wenyewe wakati mwingine hufungwa kwa kamba.

Sasa hilo ulilouliza. Uendelee. Binti huyo asingekuja ofisini kwako kusimama mbele ya walimu kumi na kusema maneno yale. Ameyaandika kwa sababu ulimpa pa kuyaandikia.

Hao wengine 60 na ushee wameandika walichofundishwa kwamba mwalimu anapenda kusoma. Miaka saba ya shule ya msingi kila walichoandika kilirudi na vema au kosa, wakajua insha nzuri ni ile yenye bidii na udaktari ndani yake. Ukiwauliza "Una malengo gani?" watakupa malengo. Waulize kitu ambacho jibu lake hawawezi kunakili kwa jirani. Unapita wapi kutoka kwenu mpaka hapa, na ni sehemu gani ya njia huipendi? Leo ni neno gani la Kiingereza lilikupita ukanyamaza? Nani umekaa naye dawati moja, na mmeongea nini? Ni nani wa shule yako ya msingi unayemkumbuka zaidi? Swali moja kwa siku, dakika kumi, kengele ikilia kalamu chini hata kama sentensi haijaisha.

Kubwa zaidi ni namna unavyosoma. Nilipokuwa nafundisha Lushoto, kijana mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Nimechelewa sababu ya ngombe." Kwa kalamu nyekundu ningemwekea king'ong'o chake, ile alama ya ng', na "Toa maelezo zaidi", na hapo tungekuwa tumemalizana. Nilimwandikia chini yake, kwa penseli: "Ng'ombe wenu ana rangi gani?" Mara ya pili aliniletea ukurasa mzima. Ng'ombe ni mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji, anaitwa Pendo. Bibi ana mguu mbaya, hashuki bondeni, kwa hiyo majani anakata yeye, anaanza giza halijaisha, na umande wa kule ni baridi mpaka vidole havishiki mundu. Na "ng'ombe" aliandika sawasawa kila mahali, kwa kuwa alikuwa ameisoma kwenye swali langu. Ofisini kijana huyo alijulikana kwa jina la mchelewaji. Baada ya ukurasa ule tulipanga upya zamu zake za usafi wa asubuhi, na sikumsikia tena akiitwa hivyo.

Kwa hiyo: hakuna alama, hakuna kalamu nyekundu, hakuna "vizuri sana". Andika swali moja la mtu anayetaka kujua kweli, na kama kuna kosa la tahajia, litumie neno hilo sawasawa kwenye swali lako. Njia hii si yangu. Leslee Reed, mwalimu wa darasa la sita huko Los Angeles, alikuwa akiandikiana na wanafunzi wake kwenye madaftari, wengi wao wakiwa bado wanajifunza Kiingereza, na mtafiti Jana Staton alipoyachunguza madaftari hayo ndipo walimu wa kwingine wakaijua.

Waache waandike Kiswahili. Najua shule yako inataka Kiingereza tangu siku ya kwanza, na zipo zinazomwadhibu mtoto akisikika akisema Kiswahili mabarazani. Lakini huyu ametoka darasa la saba ambako hesabu, sayansi, kila kitu isipokuwa somo la Kiingereza kilikuwa kwa Kiswahili, na Januari anaambiwa Biology na Geography. Ukimtaka atafakari kwa lugha ambayo bado anatafuta maneno yake, atakupa yale machache aliyokariri ubaoni. Mwezi wa nne au wa tano utaanza kuona sentensi za Kiingereza zinaingia zenyewe katikati. Usizipigie makofi, zijibu tu kwa Kiingereza.

Mzigo wa kusoma: usibebe madaftari 64 nyumbani. Soma safu moja kwa siku, daftari kumi na mbili au kumi na tatu, na kila mtoto atajibiwa mara moja kwa wiki. Daftari liwe dogo la bei ndogo, au zile kurasa zilizobaki kwenye madaftari ya darasa la saba, mzazi asidaiwe kitu kingine Januari, mwezi ambao sare na madawati vimeshammaliza. Madaftari yakae kwenye kabati lenye ufunguo ulio mkononi mwako. Kabla hawajaandika tena, waambie mambo haya kwa sauti: ukikunja ukurasa, sitausoma; ule nitakaousoma, sitamsomea mtu darasani wala ofisini; lakini nikisoma kwamba mtu anakuumiza au unataka kujiumiza, nitatafuta msaada. Hayo yalipaswa kujulikana kabla ya mstari wa kwanza. Bado hujachelewa.

Kwa wenzako wanaosema muda unapotea, waeleze kwamba mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo nchini Marekani walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Ila usiishie hapo. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mara tu baada ya kuandika, walijisikia vibaya zaidi. Na wale walikuwa vijana wa chuo, si watoto wa miaka 13 au 14 wanaorudi chumba cha kupanga. Ndiyo maana nakuomba sana usiwape swali la "jambo lililokuumiza maishani". Waulize njia, dawati, ng'ombe. Mwenye jambo zito atalileta mwenyewe, kama alivyofanya binti yako.

*Mwalimu, kijana wangu yuko Kidato cha Kwanza na mwalimu wake anawaandikisha mambo ya maisha yao. Sipendi mambo ya nyumba yangu yasomwe shuleni. Je, nina haki ya kulisoma daftari hilo?*
Mzazi, Tanga

Wasiwasi wako una msingi, ndugu yangu, na mwalimu mwema hataudharau. Lakini usilifungue begi lake akiwa amelala. Akijua, ataacha kukuambia mambo yake, maana watoto wa umri huo hujibu kwa kunyamaza. Mwombe akusomee ukurasa anaoutaka yeye, jioni, bila wewe kusahihisha wala kubisha hata kama ametaja ugomvi wa sukari.

Kisha nenda shule umwone mwalimu. Muulize ni nani mwingine anayesoma madaftari hayo, yanafungiwa wapi, mtoto akitaka kuficha ukurasa anafanyaje, na akiandika jambo la hatari ataambiwa nani. Mwalimu aliyelifikiria jambo hili atakujibu mmesimama hapohapo mlangoni. Akiyumba, mwombe kijana wako aandike habari za masomo na njia ya shule tu, mpaka mwalimu awe na majibu.